Jiwe Lililovuka Korongo

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Kifaru alikuwa bado hajajifunza kununa, palikuwa na nchi ya wanyama iliyoitwa Kisimani. Iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa na kisima kimoja tu, na bila kisima hicho hakuna uji, hakuna kunawa, hakuna kitu. Sogeeni basi. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna kimya kimya, maana hadithi hii ina kelele zake yenyewe.

Aliyekuwa mkuu wa nchi ndiye aliyeshika kisima. Mzee Paa alikalia kigoda cha ukuu miaka mingi, akagawa maji kwa haki, mpaka akafa kwa uzee. Wanyama wakalia, wakakaa matanga, wakafuta machozi. Kisha wakaulizana: sasa nani?

Akasimama Kifaru. Ardhi ikatetemeka, gidi! gidi! gidi!

"Mimi!" akanguruma. "Na nikishika nchi, kile kisima kitakuwa bafu langu. Nitajigaragaza humo asubuhi na jioni. Wenye kiu watakunywa nikishatoka."

"Tunywe matope yako?" akauliza Ngiri, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

"Matope ya mkuu ni baraka!"

Mama Sungura akawakumbatia wanawe. Kina Digidigi wakameza mate, na mate yenyewe yalikuwa machache. Halafu sauti ndogo ikatoka katikati ya umati, "Tunamtaka Pimbi!" Nyingine ikaitikia, na nyingine, mpaka uwanja mzima ukawa unapiga kelele, "Pimbi! Pimbi! Pimbi!"

Pimbi mnamjua. Mdogo, kibonge, hana mkia, mchana kutwa anaota jua. Lakini mwaka ule wa ukame, Mzee Paa alipougua, ni Pimbi aliyekaa kisimani akigawa maji kata kwa kata, na hakuna mtoto aliyelala na kiu.

Kifaru akacheka mpaka masikio yakacheza.

"Huyu? Huyu si wa hapa! Huyu kazaliwa ng'ambo ya korongo!"

Lo! Kelele zikakatika.

Lile korongo la mchanga ndilo lililokuwa mpaka wa Kisimani. Upande huu kwetu, upande ule kwa wengine. Na sheria ilisema wazi kwamba mkuu wa nchi lazima awe amezaliwa juu ya ardhi ya Kisimani.

"Nina shahidi," akasema Kifaru. "Domo! Waambie!"

Domo alikuwa ndege mdogo aliyekaa mgongoni kwa Kifaru akila kupe wake. Alikuwa mbea, lakini hakuwa mwongo.

"Ni kweli," akasema Domo. "Nilimwona kwa macho yangu akizaliwa. Ng'ambo kule, juu ya jiwe bapa lenye ufa kama mguu wa kuku."

Watu wote wakamgeukia Mama Pimbi. Mama Pimbi akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, na mwanamke akijifunga kanga hivyo, nyie kaeni mbali.

"Sikatai!" akasema. "Dada yangu aliolewa kule. Alijifungua, nikaenda kumpikia uji wa uzazi, na mimi mwenyewe tumbo liko hapa. Uchungu ukanishika njiani. Mlitaka niubane? Nimwambie mtoto, subiri kwanza mwanangu, tuvuke korongo?"

Kina mama wakaangua kicheko.

"Mimi ni wa hapa," akaendelea, na sasa hakuwa anachekesha. "Baba yake ni wa hapa. Babu zake wote wamezikwa hapa. Nilirudi naye mgongoni hata kitovu hakijakauka!"

"Damu haihesabiwi!" Kifaru akapiga kwato. "Kinachohesabiwa ni ardhi! Ardhi tu! Arudi kwao!"

"Kwetu wapi?" akauliza Pimbi.

 Yale maneno, arudi kwao, yalimuuma Pimbi kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Alijua kila kichuguu cha Kisimani. Huko ng'ambo hakujua hata njia ya kwenda msalani.

Mwenye baraza alikuwa Bi Twiga, mama wa haki, asiyependelea mtu kwa sababu wote aliwaona wadogo. Akainamisha shingo, ikachukua muda kufika chini.

"Sheria ni sheria," akasema. "Pimbi mwanangu, kesho jioni tunatawaza mkuu. Kabla ya hapo utuonyeshe ardhi ya Kisimani uliyozaliwa juu yake. Ukishindwa, jina lako linatoka, na Kifaru anakalia kiti."

"Na kisima?" akauliza Ngiri.

"Anayekalia kiti ndiye mwenye kisima."

Kifaru akaenda zake akiimba. Mama Pimbi akaenda zake akilia. Na Pimbi? Pimbi akakaa, akajikuna kichwa, kwaru kwaru kwaru. Kisha akacheka peke yake, "Kwi kwi kwi!" Akashika njia ya kwa Kifaru.

"Hodi hapa! Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukupongeza, mzee. Umenishinda kwa sheria, nitafanyaje? Ila nina wasiwasi mmoja." Pimbi akazunguka nyuma ya Kifaru, akatazama makalio yake, akatikisa kichwa. "Mmh! Mmh mmh mmh!"

"Una nini wewe?"

"Kigoda cha marehemu, mzee. Mzee Paa alikuwa na kiuno cha kikombe. Kesho ngoma inapigwa, wakwe zako wamekaa mbele, wewe unajishusha taratibu, halafu, kraaak! Miguu juu! Mkuu chali!"

Kifaru akaanza kutoka jasho. Aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa simba.

"Sasa nitakalia nini?"

"Jiwe! Mkuu mzito hukalia kitu kizito. Na lipo moja zuri ng'ambo ya korongo. Bapa, pana, limenyonya jua miaka na miaka. Ukilikalia tu, kiuno kinasema ahsante."

Domo akaruka mgongoni. "Mzee, hilo jiwe—"

"Nyamaza, Domo! Nazungumza mambo ya nchi."

"Lakini mzee, hilo jiwe ndilo—"

"Kula kupe!"

Domo akala kupe.

Kulipokucha, Kifaru akavuka korongo, Pimbi mbele, Domo mgongoni akiwa amefura kwa maneno aliyokatazwa kuyasema. Kifaru, kama mnavyojua, macho yake si mazuri, na ule ufa hakuuona. Aliona ukubwa tu, akaridhika. Akainamisha kichwa, akasukuma.

Kwaruuu! Jiwe likasogea.

"Hewala!" akapiga kelele Pimbi, akaruka juu ya jiwe.

"Unapanda nini?"

"Nalipima lisije likaegemea upande, mzee. Wewe sukuma, mimi nakuimbia."

Na akaimba kweli, huku akicheza:

"Jiwe la mkuu!"

"Linakuja!" akaitikia Kifaru akitweta.

"Kiuno cha mkuu!"

"Kinangoja!"

"Sukuma baba!"

"Huuup!"

Kwaruuu! Kwaruuu! Wakashuka korongoni, gudu gudu gudu, jiwe likatangulia na Kifaru akalifuata kwa pua. Mchanga ukamjaa masikioni. Kupanda upande wa huku ndiko kulikokuwa na kazi. Sukuma, teleza. Sukuma, teleza. Kifaru alipiga kelele ambazo siwezi kuzirudia mbele yenu. Jua lilipokuwa utosini, jiwe likapanda ukingo, likasimama Kisimani. Kifaru akaanguka kando yake, puuh!

"Pole kwa kazi, mzee," akasema Pimbi, ambaye hata nywele hazikumchafuka. Kisha akakimbia kwa Ngiri, akamnong'oneza kitu kimoja sikioni. Mwingine angenong'onezwa ili anyamaze. Ngiri alinong'onezwa ili aseme.

Jioni ikafika. Ngoma, di di dum! di di dum! Wanyama wote wakaja, hata Kobe, aliyekuwa ameanza safari tangu siku ya matanga. Kifaru akaingia, shingo imekaza, mgongo umepinda kidogo, akalikalia lile jiwe. Kiuno kikasema ahsante.

"Ngojeni!" akapayuka Ngiri. "Jiwe hili silijui! Limetoka ng'ambo! Mkuu wetu atakaliaje jiwe la kigeni?"

Wanyama wakaanza kunong'ona. Kifaru akawaka.

"Kigeni nini? Nimelisukuma kwa kichwa changu! Jiwe likishavuka korongo likatulia hapa, ni la hapa! Ni ardhi ya Kisimani! Atakayebisha atakutana na pembe hii!"

Akaigeuza pembe huku na huku ili wote waione. Hakuna aliyebisha.

"Mmesikia?" akauliza Bi Twiga kutoka juu. "Jiwe hili ni ardhi ya Kisimani. Mnakubali?"

"Tunakubaliii!"

"Na wewe, Kifaru?"

"Mimi ndiye niliyesema!"

"Haya. Pimbi mwanangu, muda wako umefika. Una ardhi ya kutuonyesha?"

Pimbi akajitokeza, mikono nyuma. "Ninayo, mama. Ila naomba shahidi wa Mzee Kifaru aseme kwa niaba yangu. Yeye ndiye aliyeniona nikizaliwa."

"Sema, Domo!" akacheka Kifaru. "Waambie tena wasikie vizuri!"

"Niseme, mzee?" akauliza Domo.

"Sema!"

"Unaniruhusu kweli?"

"Nimesema sema!"

Domo akavuta pumzi, akasema yote kwa mkupuo mmoja. "Pimbi alizaliwa juu ya jiwe bapa lenye ufa kama mguu wa kuku na jiwe hilo ndilo ulilolikalia mzee nimekuwa nikikwambia tangu jana ukaniambia nile kupe!"

Kifaru akaruka, tuu! Wanyama wakainama kuangalia. Pale alipokuwa amekaa, ufa ulikuwepo. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, mguu wa kuku kabisa.

Nyie! Kicheko kilichopasuka hapo! Fisi, mwenye kazi yake ya kucheka, alicheka mpaka akaomba wenzake wampokee.

"Nalirudisha!" akanguruma Kifaru. "Sasa hivi nalirudisha kwao!"

"Kwao wapi?" akadakia Ngiri. "Si umesema ni ardhi yetu? Jamani, huyu anataka kuisukuma nchi yetu nje!"

Kifaru akainamisha kichwa asukume. Kitu kikalia mgongoni, kwaa!

"Aii! Mgongo! Mgongo wangu, jamani!"

Kina Digidigi walianguka chini kwa kucheka. Lakini Pimbi alikuwa amepanda juu ya jiwe, na uso wake haukuwa wa kucheka tena. Kelele zikapungua, zikaisha.

"Ndugu zangu," akasema. "Jiwe hili limefika leo mchana. Halijawahi kuchota maji hapa. Halijamzika mtu hapa. Jioni hii hii mmelikubali ni la hapa, nami nafurahi. Lakini mimi nimevuka korongo hilo mgongoni kwa mama yangu kabla sijafumbua macho. Kwa nini kwa jiwe siku moja imetosha, na kwangu mimi maisha yangu yote hayakutosha?"

 Mama Pimbi akajifunika uso kwa kanga, akalia, na safari hii hakuona haya. Hata Bi Twiga alitazama mawinguni, akajifanya ana vumbi jichoni.

Kisha Bi Twiga akasema, "Umeonyesha ardhi. Kaa, Mkuu wetu."

Vigelegele! Lililililii! Ngoma ikapasuka ngozi. Pimbi akakaa, na neno lake la kwanza akiwa Mkuu wa Kisimani lilikuwa hili: "Kuanzia leo, mtoto wa mama wa hapa ni wa hapa, hata akizaliwa juu ya wingu. Sasa twendeni kisimani, watoto watangulie."

Wakanywa watoto, wakanywa mama zao, akanywa hata Ngiri akanyamaza kidogo. Na maji yaliyomwagika yakateremka chini ya mteremko, yakafanya dimbwi la matope laini. Pimbi akamwita Kifaru.

"Mzee wangu, lile ni bafu lako. Peke yako. Litakusaidia mgongo."

Kifaru akajilaza matopeni, akanuna. Hajaacha kununa mpaka leo, lakini bafuni hatoki. Domo yuko naye, naye siku hizi akisema kitu, anasikilizwa.

Na mkipita mahali penye mawe mkamwona pimbi ametulia juu yake anaota jua, kidevu juu, msimrushie kitu. Huyo yuko barazani.

Ya Kisimani yameishia kisimani, nami koo limenikauka, nileteeni maji. Ila shikeni hili moja: anayetengeneza mlango wa kumfungia mwenzake nje, aangalie asije akausukuma mwenyewe kwa kichwa chake ukafunguka.