Chupa Haifunguliwi kwa Mtoto Mmoja

Chupa haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Mmemsikia babu yenu akiwaambia hivyo wagomvi wa mferejini, mkaja kuniuliza ni chupa gani hiyo. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, tena ilianza kwa mlio wa kinu.

Kabla hakujapambazuka, Nakijwa alimsikia jirani yake, Naetwe, akitwanga tangawizi. Ku, ku, ku. Akajigeuza kitandani. Tangawizi ile ilikuwa ya chai ya nesi. Miaka yote nesi alipopanda mlimani kuchanja watoto, aliketi barazani kwa Nakijwa na kunywa chai ya Nakijwa. Mwaka uliopita Nakijwa aliugua mguu, nesi akapelekwa kwa Naetwe, na mwaka huu hakuna aliyekumbuka kumrudisha.

"Twanga tu," alinong'ona. "Twanga mpaka kinu kitoboke."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya chanjo. Jumatatu shule ingefunguliwa, na mwalimu mkuu alikwisha kusema kwamba mtoto wa darasa la kwanza asiyechanjwa surua hapokelewi. Senzota, mjukuu wa Nakijwa, alikuwa ameshonewa kaptula ya shule. Aliivaa hata kulala.

Kulipokucha, Nakijwa hakwenda kwa Naetwe. Alifagia baraza lake, akatandika mkeka, akawaita kina mama wa upande wa chini. "Leteni watoto hapa. Nesi akiona watoto wako huku, atahamia huku." Walimheshimu, wakaja.

Jua likapanda, nesi haji. Nakijwa akachungulia kati ya migomba, akamwona kule ng'ambo, kikombe mkononi. Moyo ukamchoma. Ananywa! Amesahau hata chai yangu ilikuwaje.

"Bibi, tunakwenda saa ngapi?" Senzota akauliza.

"Nyamaza."

Mara Naetwe akatokea, birika mkono huu, kigoda mkono huu.

"Umekuja kunionyesha birika?" Nakijwa akamdaka.

"Nimekuja kukuomba watoto, dada."

"Nesi unaye, chai unayo, na watoto pia uwe nao wewe?"

"Nilio nao hawatoshi. Nesi amebakiwa na chupa moja ya chanjo, na chupa hiyo ni ya watoto wengi. Akishaifungua haikai, ikifika jioni ni ya kumwaga. Anasema chupa haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Barafu ya sanduku lake la chanjo inayeyuka, anataka kushuka. Mjukuu wangu naye atarudishwa Jumatatu, sawasawa na wako."

Nakijwa akageuka kuwatazama watoto mkekani. Kwake watoto walijaa siku zote. Hakuwahi kumwona nesi akisubiri. Kumbe kile kikombe kilikuwa cha kungojea.

"Na kigoda?"

"Njia ni ya kupanda. Mguu ukikuuma utakaa kidogo."

"Na hiyo chai?"

"Sikuona moshi jikoni kwako asubuhi."

Nakijwa akanywa. Ilikuwa tamu, na utamu wenyewe ukamuuma. Akaweka kikombe chini, akainuka. "Haya, watoto! Mbele yangu, wote!"

Huko kwa Naetwe chupa ikafunguliwa. Watoto walilia, na Nakijwa, akiwa ameketi juu ya kigoda, akawapakata mmoja baada ya mwingine kama zamani. Senzota aliuficha uso kifuani kwake mpaka sindano ikatoka.

"Mikono hii niliikosa," nesi akasema, naye Naetwe akaitikia kwa furaha, bila kununa hata kidogo. Nakijwa aliliona hilo.

Nesi alipokwisha kushuka, Nakijwa alimshika Senzota mkono, akasimama kizingitini kwa Naetwe.

"Ni kweli, mdogo wangu," akasema polepole. Hakuwa amemwita hivyo tangu alipougua mguu. "Chupa haifunguliwi kwa mtoto mmoja."

"Basi njoo tena kesho, dada," Naetwe akamjibu. "Hata birika hili silimalizi peke yangu."