Kwa Nini Mtoto wa Mbuzi Hutikisa Mkia Anaponyonya

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mahindi mnayopukuchua yaendelee kupukuchuliwa, maana hadithi haimzuii mtu kufanya kazi. Jumapili iliyopita mchungaji wetu alitueleza kwamba Wayunani wa kale walikuwa na kitenzi chao, ginosko, walichokitumia kwa kule kujua kunakokuja polepole, kwa kukaa na mtu au kitu mpaka kikuingie. Kwa kujua kwa yule aliyekwisha kuona, walikuwa na neno jingine. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Ila huku kwetu milimani jambo hilo hatukulipata kwa Wayunani. Tulifundishwa na mbuzi, na mbuzi mwenyewe alilipata kwa taabu.

Zamani hizo mbuzi alijua kwa macho tu. Pua alikuwa nayo, lakini kazi yake ilikuwa kutafuta majani na kupiga chafya. Mbuzi wa kilima kizima walichungwa pamoja kwa kuogopa chui, na watoto wao wachanga walibaki nyuma ndani ya kizimba kimoja. Jioni mama zao waliporudi kizimba kilifunguliwa. Mama mwekundu alitazama, akaona mtoto wake mwekundu, akasimama anyonywe. Mwenye madoadoa akamwona wa madoadoa. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka na hakuna aliyelalamika.

Aliyeyaharibu ni Kazeni, ingawa hakukusudia. Kazeni alikuwa na beberu mweusi tii, magoti meupe kama kayapaka chokaa, na mwendo wa kujiona! Kilima kizima kikamtamani. Kila mwenye mbuzi jike akaenda kumwomba Kazeni beberu wake, na mabeberu wengine wakachinjwa kwenye harusi na matanga, maana nani alikuwa na haja nao tena? Msimu wa kuzaa ulipofika, kizimba kizima kikajaa watoto weusi wenye magoti meupe. Watu walipiga vigelegele. Walidhani wamepata, kumbe wamepatikana.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mjane, Nakijwa, shemeji yake Kazeni. Mumewe alikufa bila kumwachia hata kuku. Alikuwa akimfugia Kazeni mbuzi mmoja, jina lake Bi Ndevu, na desturi ya kilimani ilikuwa kwamba mzao wa kwanza ni wa mwenye mbuzi, wa pili ni wa mfugaji. Mzao wa kwanza Kazeni alikwisha kumchukua. Huyu wa pili, jike dogo lililozaliwa mwisho kuliko wote, ndiye angekuwa mnyama wa kwanza wa Nakijwa mwenyewe. Alimpa jina kabla hajakauka mgongo. Alimwita Tumaini.

Lakini Tumaini hakunenepa. Kila jioni, kabla hajajikokota kutoka kizimbani, mijitoto mikubwa yenye magoti meupe ilikuwa imekwisha kumfikia Bi Ndevu na kumkamua kavu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ila wahenga hao hawakuwa wamekutana na Bi Ndevu.

"We Bi Ndevu," Nakijwa alimwambia, kwa kuwa siku hizo mbuzi walisikia na kujibu, "unamnyonyesha nani?"

"Mwanangu."

"Umemjuaje?"

"Si nimemwona? Ana magoti meupe."

"Wote wana magoti meupe, mama wee!"

"Basi nimejaaliwa," alisema Bi Ndevu, akaendelea kucheua.

Nakijwa akamfunga Tumaini uzi wa mgomba shingoni, wenziwe wakautafuna. Akampaka majivu, umande ukayaosha. Mwisho akaenda kwa Kazeni.

"Shemeji, naomba nibaki na Bi Ndevu nyumbani kwa siku chache. Mtoto anakufa."

Kazeni hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mno kusifiwa beberu wake, na maneno hayo aliyasikia kama tusi. "Mbuzi wangu hafungiwi ndani kama mgonjwa," alisema. "Watu watasema nini? Kwamba uzao wa beberu wangu ni wa kufa? Ukimfungia, shemeji, nitamrudisha kwangu, na mwanawe pia." Nakijwa akaitikia, "Haya," akarudi kwake analia njia nzima.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulishuka kilimani mpaka mtu hakuona vidole vyake. Tumaini alikuwa amelala ubavu, hata sauti ya kulia hana. Mchunga mbuzi alipopita akiwaita mbuzi, Nakijwa alinyamaza. Akamvuta Bi Ndevu jikoni, akafunga mlango. Na aje huyo Kazeni, alijisemea, amchukue mbuzi wake, lakini mtoto huyu hafi huku mimi natazama.

Moto ulikuwa wa kuni mbichi na moshi ulimfumba macho. Alinyoosha mkono kwenye rundo la mashuka ili apate la kumfunika Tumaini, akavuta moja, akalileta kifuani, na hapo akasimama. Lilikuwa shuka la marehemu mumewe. Yote yalikuwa meusi, yote yalifumwa na fundi mmoja, na Nakijwa alikuwa amefumba macho. Lakini lile alilijua. Miaka aliyolala kando yake ilikuwa imo humo, jasho na tumbaku na udongo wa shamba. Alimkumbuka mumewe, akaumia, kisha akashtuka kwa sauti.

"Kumbe!"

Akafungua kaniki yake, akamfunga Bi Ndevu machoni. Ah, makelele yaliyotoka hapo! Bi Ndevu alipiga mateke, akaangusha chungu, akalia kwamba amekufa na kuzikwa. Nakijwa akamshika pembe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamsogeza Tumaini mpaka mkia wake ukagusa pua ya mama.

"Huoni kitu," alimwambia. "Haya, nusa!"

Mbuzi akanusa kwa woga. Akanusa tena. Makelele yakakoma. Ilikuwa harufu ya siku ile aliyozaa, ya mwili wake mwenyewe uliotoka ukawa mwili mwingine. Akaanza kumlamba, mkia, mgongo, masikio, akilamba na kulia chini chini. Tumaini, aliyekuwa hana nguvu hata ya kusimama, alipoisikia pumzi ile ya joto chini ya mkia, akautikisa mkia mara moja, kidogo tu.

"Nilikuwa namwona," alisema Bi Ndevu, "sikuwa namjua."

Nakijwa akamkamulia Tumaini matone ya kwanza ya maziwa mdomoni. Kufika mchana alisimama mwenyewe, miguu ikitetemeka, akanyonya.

Jioni Kazeni akaja na kamba mkononi na nusu ya kilima nyuma yake. Mbuzi walikuwa wamerudi, na kizimba, hatua chache tu kutoka kwa Nakijwa, kilikuwa kinafunguliwa. "Shemeji, nilikwambia," alisema.

"Ulinambia. Lakini tazama kwanza, ndipo umfunge kamba," alisema Nakijwa, akamtoa Bi Ndevu nje bila kaniki.

Toto moja nene la Kazeni mwenyewe likaja mbio kama lilivyozoea. Bi Ndevu akageuza shingo, akalinusa chini ya mkia, akalipiga kichwa likabingirika hadi miguuni pa bwana wake. Watu wakaangua kicheko. Ndipo Tumaini akaja taratibu, mkia ukitikisika ili harufu yake itangulie. Mama akanusa, akasimama kimya.

Mbuzi wengine wakatazama, kisha mmoja akajaribu, na mwingine, na muda si muda uwanja mzima ulijaa mama wanaonusa. Watoto wanyonge waliokuwa wakifa polepole bila mtu kujua, wakanyonya siku hiyo wakashiba. Kazeni alizihesabu mbavu zao zilizotokeza, na aibu ikamshika. Akamfunga kamba Tumaini shingoni, na mwisho wa kamba akauweka mkononi mwa Nakijwa, mbele ya watu wote. "Wako, shemeji," alisema. "Nisamehe."

Na tangu siku hiyo mbuzi hampi mtoto ziwa mpaka amemnusa, hata awe na rangi gani. Na mtoto wa mbuzi, ukimwona anaponyonya, mkia wake hautulii. Anamwambia mamaye: ni mimi.