Foleni Fupi ya Waziri Kiboko

Hivi nyie mnaonisikiliza, nani kati yenu amewahi kufutwa kwenye hesabu angali hai? Basi sikieni.

Enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na vyeti vya shule, Kiboko alikuwa waziri wa kazi. Kila Jumatatu alitoka getini, tumbo mbele, akahesabu foleni ya waombaji. Aliye kwenye foleni ndiye hana kazi. Wengine wote, kwa akili yake, mambo safi!

Ukame ukaingia, mashamba yakafungwa. Foleni ikafika mtoni. Miezi ikapita, hakuajiriwa hata mmoja. Mmoja mmoja wakakata tamaa. Kanga, fundi cherehani mwenye vifaranga sita, naye akabaki nyumbani.

"Shoga, leo huji?" akauliza jirani yake Kindi, kadogo, digrii mbili, mdomo wembe.

"Nije nisimame juani na njaa hii? Nimechoka!"

Jumatatu hiyo foleni ilikuwa na wanyama watatu tu. Kiboko akamgeukia mfalme aliyekuja kukagua, akacheka, hho-hho-hho!

"Mfalme Tembo, wasio na kazi wamebaki watatu! That is progress!"

Kindi akaruka juu ya geti, pwaa!

"Hongera, mheshimiwa! Basi apa mbele ya mfalme: Jumatatu ijayo kila aliye kwenye foleni utampa kazi, ukishindwa unaacha kiti. Au watatu wanakushinda?"

"Watatu? Mtoto una dharau wewe! Naapa!"

"Nimesikia," akasema Tembo.

Kindi huyoo, mlango kwa mlango. "Waziri kaapa! Kazi zipo! Tokeni!"

Jumatatu ardhi ikatetemeka, du-du-du! Punda, nyumbu, nungunungu, Kanga na vifaranga wake. Foleni ikavuka mto, ikapanda kilima.

"Hawa wametoka wapi?" Kiboko jasho linamchuruzika. "Wiki iliyopita hawakuwapo!"

"Walikuwapo," akajibu Kindi, "majumbani, na njaa zao. Wamesikia kuna kazi, wamerudi. Haya, ajiri!"

"Hii hila!"

"Sorry, mzee. Hila ni ya kwako. Mimi nimewaita tu."

Tembo akakivuta kwa mkonga kile kiti alichokalia waziri. Kiboko chini, puu! Kisha mfalme akaamuru mifereji ichimbwe na ghala lifunguliwe, akaanza kuandika majina ya wote wasio na kazi, hata waliobaki majumbani. Kanga akapewa kushona magunia.

Aliyekata tamaa ya kutafuta kazi bado hana kazi.

Na nyie wakubwa mnaotusomea asilimia zenu redioni mkitabasamu: tuhesabuni sote, kisha tupeni kazi. Leo!