Bastola ya Fundi wa Mageti

Wahenga walinena kuwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Wako wanaodhani utamu huo ni wa kubembeleza. Wakati mwingine ni ukweli mchungu uliosemwa kwa upole.

Fundi wa mageti alikuwa mcheshi, akijigamba kwamba geti lake hata mkwe halipiti bila kubisha. Lakini mdogo wake alipopigwa risasi ya mguu katika ugomvi wa kiwanja cha mpira, mzaha wote ulimwisha. Siku ya tatu mkewe alimwendea mshonaji mmoja mjane, kiongozi wa kamati ya kusuluhisha ugomvi mtaani.

"Mama, amenunua bastola," alisema. "Jioni anamfuata aliyempiga shemeji."

Mjane aliacha gauni chini ya sindano. Alimpitia mwenzake wa kamati, mpaka rangi mwenye mvi, wakaongozana hadi karakana.

"Kama mmekuja kunizuia, rudini," fundi alisema bila kuinua macho. "Dawa ya moto ni moto."

"Zima mashine, baba," mjane alisema. "Msikilize huyu kwanza."

Mpaka rangi alivua kofia. "Mimi ndiye niliyemuua mtoto wa mama huyu. Kaka yangu alikuwa amepigwa, nikalipiza. Nimekaa gerezani miaka kumi na minne. Binti yangu ananiita 'wewe'. Neno baba halimtoki."

Fundi alimtazama mjane, macho yamemtoka pima. "Na bado unatembea naye?"

"Nilimchukia mpaka chakula kikanishinda. Siku hizi tunatembea pamoja ili mama mwingine asizike mwanawe. Mdogo wako yu hai, mwanangu. Ukifungwa, nani atamshika mkono kwenda hospitali?"

Fundi aliketi juu ya rundo la mabomba, akalia kwa kwikwi. Hakuna aliyemharakisha. Hatimaye alifungua kabati la vifaa, akatoa furushi zito lenye bastola.

"Twendeni nayo polisi sasa hivi," alisema, "kabla moyo haujageuka."

Walikwenda wote watatu. Kesho yake kamati iliketi na mama wa yule kijana aliyefyatua risasi kiwanjani, naye akampeleka mwanawe kituoni kwa mkono wake mwenyewe.

Mguu wa mdogo mtu haukunyooka tena, lakini mtaa haukuchimba kaburi. Kamati haikuwa na pingu wala silaha. Hakika, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.