Upupu kwenye Kiti cha Rais

Hapo zamani za kale, zamani ile hasa, jua lenyewe bado linanyonya, wanyama walikuwa na Rais wao, Kiboko. Mnene huyo! Akipiga chafya upande huu wa nchi, upande wa pili watu wanaanua nguo, wanadhani mvua.

Siku wanampa urais walimwambia hivi: "Mto wako, barabara zako, ngoma ya mbiu yako. Lakini nyumbani kwa mtu utapiga hodi kama sisi. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka." Kiboko akaapa mpaka mate yakaruka.

Haya. Kulikuwa na Bi Sikudhani, pimbi. Kadogo! Ukimtia kwenye mfuko wa shati, nafasi ya karanga inabaki. Alikaa na mumewe, Ngwali, kwenye kijumba cha mawe. Jioni moja wanakula, wao wawili tu, Ngwali akasema na tonge mdomoni, "Mke wangu, huyu Rais akiimba, utadhani mlango mbovu unasukumwa na mbuzi." Wakacheka mpaka ugali ukapoa.

Kulipokucha, bu! bu! bu! Askari Nyati mlangoni.

"Ngwali! Umesema Rais anaimba kama mlango mbovu. Twende!"

"Mama yangu! Nani kawaambia?"

"Serikali inajua."

Wakambeba juujuu, wakamtia kwenye shimo la Rais. Na mle shimoni chakula ni harufu tu ya chakula cha askari.

Sikudhani akabaki jikoni analia. Nani kasema? Walikuwa wawili tu! Akachota unga apike, mara to! Kitu kikadondoka kwenye unga. Kinyesi cha popo. Akainua macho taratibu. Huyo hapo! Popo kaning'inia kwenye boriti, kichwa chini, kafumba macho kama mgonjwa, lakini masikio, makubwa kama makawa ya kufunikia pilau, yanacheza.

"Kumbe ni wewe!" akasema moyoni. Akaenda kwa jirani kuazima chumvi, akatupia jicho darini. Popo! Kwa mwingine kuomba moto. Popo! Nchi nzima!

Hakumfukuza wa kwake. Alirudi, akainamia chungu, akanong'ona kwa mnong'ono wa kusikika ng'ambo ya milima: "Chungu changu, nakwambia wewe tu. Kesho Rais akikalia kiti chake barazani, atajuta! Nimekinyunyizia upupu chote. Atajikuna mpaka mkia ung'oke!"

Puruuu! Popo huyo, dirishani, mbio kwa Rais.

Siku ya baraza wanyama walijaa, mchwa akakosa pa kupita. Desturi yao, hakai mtu kabla Rais hajakaa. Kiboko akaja, akakitazama kiti, akakizunguka, akakinusa kwa mbali. Hakukaa.

Jua likachoma. Twiga magoti yanamgongana.

"Mheshimiwa, si ukae?" akasema Tembo, msimamizi wa baraza.

"Leo najisikia kusimama."

"Sisi hatujisikii!" Ngiri akapiga kelele kule nyuma. "Kaa bwana, tumechoka!"

"Kaa! Kaa! Kaa!"

Jasho likamtiririka Kiboko, vyura wakaogelea. "Sikai! Kiti kina upupu! Huyu Sikudhani kakinyunyizia! Mkamateni!"

Nyati wakamrukia. Moyo wa Sikudhani ti-ti-ti-ti! Akikosea hapa, shimoni watakuwa wawili. Akapenya kati ya kwato zao, chupu! juu ya kiti. Akakaa. Akajisugua, kwaru, kwaru. Akalala chali.

"Upupu uko wapi, baba? Mbona siwashwi?"

Tembo akakipapasa kiti kwa mkonga. "Hamna kitu. Mheshimiwa, nani kakudanganya?"

"Kasema mwenyewe!"

"Kamwambia nani?"

"Kakiambia chungu chake!"

Baraza zima likamgeukia Kiboko. Hata nzi waligeuka.

"Chungu changu kiko jikoni kwangu," Sikudhani akasema. "Na mlango wangu hata pua yako haipiti. Ulipiga hodi lini, Mheshimiwa? Nani alikujibu karibu?"

Kiboko akafungua domo. "Aa... ni Popo tu... nawalinda..."

"Tazameni darini kwenu, jamani! Kila nyumba ina Popo wake! Hao ndio waliompeleka Ngwali wangu shimoni!"

"Ala!" Twiga akaruka. "Ndiyo maana Rais alijua nimenuniana na mke wangu!"

"Mimi ni Rais! Nchi nzima yangu!"

"Nchi unaiongoza tu," Tembo akamjibu. "Tulikupa barabara, jikoni hatukukupa. Mfungulie Ngwali sasa hivi, na Popo wako watoke. La sivyo, kiti hicho leo leo kinapata mwingine."

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Hata Nyati wake walikuwa wanatazama chini. Akatoa amri kwa sauti ya mbu.

Loo, zile fagio! Popo walivyotoka madarini, mchana ukawa giza, kuku wakaenda kulala. Kiboko akajitosa mtoni kwa aibu, samaki wakajikuta juu ya miti.

Ngwali akatoka amekonda, mkewe akamshika sikio upepo usimchukue. Wakaenda kwao, wakasonga ugali mkubwa kama kilima, wakala, wakaongea, wakacheka mpaka mawe ya nyumba yakatikisika. Waliongea nini? Sasa mimi nitajuaje, na mlango ulikuwa umefungwa?

Basi shikeni hili, watoto: Rais ni mkubwa barabarani, jikoni kwa mtu ni mgeni tu.