Shikamoo ya Viboko Wawili

Wanangu, kuna fumbo limenishinda tangu utotoni. Viboko wawili wakiungana wakawa mmoja, mbona huyo mmoja awe na uzito pungufu ya wale wawili? Uliopungua ulikwenda wapi? Sikilizeni, labda ninyi mtalifumbua.

Hapo zamani za kale, jua lilipokuwa bado linajifunza njia yake, wanyama wote waliishi juu ya jamvi moja kubwa lililotandazwa angani. Palikuwa na nyumba, meko na kelele za watoto.

Katikati waliketi viboko wawili weusi tititi, Zindo na Mbole. Walikuwa wazito mno hata jamvi likabonyea bonde chini ya kila mmoja, na kilichoteleza mle hakikurudi. Sufuria, gubi! Kigoda, gubi! Hata mwanga wa kibatari ukipita karibu, lap!

Mimi siwalaumu. Mwenye uzito kama ule hahitaji nia mbaya. Akiketi tu, majirani huteleza.

Jirani yao wa karibu alikuwa Bi Buibui. Kila kukicha nyumba yake ilisogea bondeni.

"Mama, tunateleza tena!" wanawe wakalia.

"Shikeni nyuzi!" akasema, akaenda kwa Zindo na hila ya kuwaondoa viboko pale.

"Shikamoo, Mzee Zindo."

"Marahaba. Sema haraka, nina njaa."

"Nimesikia Mzee Mbole anangoja shikamoo yako."

"Yangu? Mimi nimwamkie yule mtoto wa juzi?"

"Eti atakayegeuza uso kwanza ndiye mdogo."

Kisha, tiki-tiki-tiki, mbio hadi kwa Mbole, akamwambia yale yale, kwamba Zindo anangoja shikamoo yake.

"Ati nini!" Mbole akafoka. "Mimi nilikuwa na meno, yeye hajazaliwa!"

Wakainuka, wakakodoleana macho, wakaanza kuzungukana.

"Niamkie, we mtoto!"

"Niamkie wewe, kitumbo!"

"Thubutu!"

Walianza polepole. Lakini kila walipozunguka jamvi lilizidi kubonyea, na bonde likawavuta karibu, nao wakazidi kasi. Vuuu... vuu... vu-vu-vu!

"Kumbatianeni, wanangu!" Bi Buibui akawapigia wanawe kelele. Nyumba alikwisha kuifunga kwa nyuzi zinazovutika.

PUUU!

Jamvi likapiga mawimbi hadi pembeni. Wimbi lilipompitia Twiga, alirefuka akawa mwembamba kama ufito, kisha akafupika akanenepa kama mtungi.

"Jamani, shingo yangu!"

"Tulia, inarudi!"

Ikarudi. Nyumba ya Bi Buibui nayo ikavutika, ikanywea, ikatulia, na watoto wote wamo.

Palipokuwa na viboko wawili sasa palikuwa na mmoja. Mtikisiko ulimrusha, akabiringika biringi-biringi hadi ukingo wa mbali kusiko na nyumba. Bonde lake lilikuwa kubwa, ila si kubwa kama mabonde ya wale wawili yakijumlishwa. Huko alisikika akinung'unika, "Sasa nani amwamkie nani?"

Wanyama wakaketi barazani.

"Na viboko wengine wakigongana mbali tusikoona," Twiga akauliza, "tutajuaje?"

"Jamvi litatuambia," akajibu Bi Buibui. "Wakubwa wawili wakinyimana salamu, jamvi lote hutikisika."

Wakaamua zitandwe nyuzi mbili ndefu, moja ikikingama na nyingine, ili moja ikirefuka na nyingine ikifupika, wajue huko mbali kuna waliogongana.

Bi Buibui akazitanda mwenyewe, na wanawe wakaketi kwenye ncha, miguu juu ya uzi, wakisikiliza. Basi wanangu, labda ule uzito uliopungua ndio uliokwenda na mawimbi yale?