Msuko Usiokuwapo

Aibaye andiko huiba na kosa lake. Mmeisikia methali hii leo, mnataka kujua ilikotoka. Kaeni basi, chanzo chake ni hiki.

Raya Faki, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikaa Pemba miezi minane akikusanya majina ya misuko kwa wasuka mikeka. Aliandika makala, akampa msimamizi wake, Dakta Shaame, pamoja na madaftari yote.

"Mbichi hii, binti," Shaame alisema. "Iache kwanza."

Raya akaiacha. Punde akaikuta makala ile ile katika orodha ya toleo lijalo la jarida la chuo, jina la Shaame peke yake juu. Alilalamika, na mhariri, Bi Zuwena, mzaliwa wa Wete huko Pemba, akawaita wote wawili.

"Wasuka niliwahoji mwenyewe," Shaame alisema kwa utulivu. "Huyu alinibebea madaftari tu."

Raya hakuwa na shahidi wala karatasi. Bi Zuwena akafunua ukurasa wa sita.

"Dakta, huu msuko uitwao *nshakwambia* ukoje?"

"Wa pembeni mwa mkeka, Bi Mhariri. Mgumu sana. Wanaoujua ni vikongwe wachache."

Bi Zuwena akajiuma mdomo. "Nawe, Raya?"

Uso ulimwaka Raya. Kusema kweli ni kukubali kwamba makala ilikuwa mbichi hasa.

"Hakuna msuko huo. Nilimuuliza msukaji mmoja, Bi Mafunda, jina la msuko wa pembeni mara ya pili, naye kabana ukindu kwa meno. Akanifokea, 'Nshakwambia!' Nikaandika, kumbe alimaanisha keshanijibu. Niliporudi Pemba nikalitamka mbele ya wenzake, walicheka mpaka ukili waliokuwa wakisuka ukawaponyoka. Kosa ni langu, ila makala ilikuwa ishatoka mkononi mwangu."

Shaame akaivuta makala, akausoma tena ukurasa wa sita.

"Mama yangu kasuka miaka arobaini," alisema Bi Zuwena. "Kila siku akinambia nshakwambia, lakini si kwa mkeka! Wewe, Dakta, nani aliyekwambia?"

Shaame alivuliwa usimamizi, na makala ikatoka kwa jina la Raya, kosa lake akiwa amelieleza mwenyewe chini ya ukurasa.

Habari ilipofika Pemba, Bi Mafunda hakuinua hata macho kwenye ukili wake.

"Mwizi wa kuku huacha manyoya," alisema. "Aibaye andiko huiba na kosa lake."